Askofu Hannington na Kijitabu Chake

Kila tarehe 29 Oktoba Kanisa humkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Habari za kifo chake twazijua. Safari hii tungependa kuitazama desturi yake moja: kuuchunguza moyo wake mwenyewe na kusema kweli juu ya aliyoyakuta humo.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1847, katika jamaa yenye mali, akakua kijana mcheshi, mpenda mizaha na safari. Mwaka 1874 alipewa ushemasi, akaanza kuhubiri. Lakini alipojihoji aliona kwamba anawatangazia watu amani ambayo yeye mwenyewe hana. Angeweza kunyamaza, maana nani angejua? Hakunyamaza, alimwandikia rafiki yake. Rafiki akampelekea kitabu. Hannington alikichukia tangu mwanzo, akakitupa kando. Baadaye alikirudia, na katika kukisoma akatambua kwamba dhambi zake zimesamehewa. Ndipo huduma yake ilipoanza hasa.

Mwaka 1882 C.M.S. ilimtuma awaongoze wamisionari kuja kwenye Ziwa letu. Alifika Msalala, upande wa kusini, akiwa amedhoofishwa na kuhara damu, akibebwa kwa machela. Alitamani kuvuka kwenda Buganda, lakini mwili ulikataa, naye akarudi kwao mwaka 1883.

Mwaka 1884 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa kwanza wa Ikweta ya Mashariki ya Afrika. Mwaka uliofuata alitoka Rabai, akapita Umasaini. Kabaka Mwanga aliwaogopa wageni wanaotokea mashariki. Tarehe 21 Oktoba Hannington alikamatwa Busoga, kwa mtemi Luba, akafungwa katika kibanda kichafu chenye panya.

Kwa siku nane aliandika katika kijitabu kidogo. Hakujifanya shujaa. Aliandika homa yake, hofu yake, jinsi moyo ulivyovunjika, jinsi watu walivyokuja kumtazama kama kioja, hata fisi aliyelia karibu naye usiku. Aliandika pia Zaburi zilizomtia nguvu. Ya mwisho ni ya 30. Siku hiyohiyo akauawa, mwenye umri wa miaka 38. Kijitabu kiliokolewa, kikachapishwa mwaka 1888. Mifupa yake ilizikwa Namirembe mwaka 1892.

Basi ndugu, sisi wa kando ya Ziwa twajua kuukagua wavu kabla ya kuingia majini. Lakini hasira tunayorudi nayo kutoka sokoni, au wivu tunaoingia nao kanisani, hatuukagui. Twapenda zaidi kuukagua moyo wa jirani. Hannington aliiita hofu kuwa ni hofu. Hakujipamba, wala hakukata tamaa kwa aliyoyaona, maana aliyaleta mbele za Mungu siku ileile.

Na tujaribu hivyo jioni, kabla ya kulala, na zaidi kabla ya kuijia Meza ya Bwana. Leo niliwaza nini nilipodharauliwa? Niliogopa nini? Nilisema la amani huku moyoni nina vita? Makasisi, wainjilisti na wanakwaya tusijione tumevuka hatua hiyo, kwani Hannington aliukuta utupu wake akiwa tayari amevaa joho. Atakayeona kwamba hana amani asiifiche habari hiyo. Amwendee ndugu anayemwamini, amweleze.