Selous: Mwindaji aliyepima baruti kwa kiganja, shabaha ikaharibika

Jina la Selous Watanzania wanalijua vizuri. Kwa karibu miaka 100 lilikuwa jina la pori kubwa la akiba kusini mwa nchi, kabla ya sehemu yake kubwa kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Ila mwenye jina, Mwingereza Frederick Courteney Selous, hakuanza uwindaji na silaha za kifahari. Alianza na magobore mawili ya bei rahisi, na jinsi alivyoyapakia baruti ilimwachia majuto ya muda mrefu.

Alizaliwa London, Desemba 31, 1851. Septemba 1871, akiwa na miaka 19, alishuka Algoa Bay, Afrika Kusini, akiwa na pauni 400. Mpango wake ulikuwa mmoja tu: kuwinda ndovu na kuuza pembe.

Mambo yakaanza vibaya. Bunduki yake nzuri ya mitutu miwili, ya kupakia risasi kwa nyuma, iliibwa alipokuwa kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley. Ndipo akanunua yale magobore, yaliyotengenezwa na Isaac Hollis wa Birmingham. Bunduki za aina hiyo Ulaya zilikuwa za kupigia bata.

Gobore lilipakiwaje?

Gobore hupakiwa kwa mbele. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia gololi ya risasi, unashindilia kwa mdeki, kisha unaweka fataki kwenye mtambo. Ukifyatua, fataki inawasha baruti.

Wenye bunduki za mtutu wenye mifereji ndani walifunga gololi kwa kitambaa chenye mafuta, ili ibane na izunguke inapotoka. Mitutu ya Selous ilikuwa laini ndani, haina mifereji. Kwa hiyo nguvu yote ilitegemea vitu viwili: uzito wa gololi na kiasi cha baruti.

Gololi yake ilikuwa na karibu gramu 113. Baruti ilikuwa ile ya kawaida iliyouzwa kwa wenyeji kwenye mifuko. Aliining'iniza ubavuni kwenye mfuko wa ngozi, anachota kwa kiganja na kumimina huku anakimbia nyuma ya ndovu. Kiganja kimoja kilikuwa zaidi ya gramu 35. Hakuna kupima.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Bunduki za ukubwa huo zilizoundwa kwa ajili ya ndovu zilifikia kilo 10, na uzito huo ndio uliomeza teke la baruti. Magobore ya Selous yalikuwa na karibu kilo 6 tu. Teke lililobaki lilimeng'enywa na bega lake.

Mfalme alimcheka

Mwaka 1872 alifika Bulawayo kuomba kibali kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele. Mfalme alimwona mtoto, akamcheka, lakini akamruhusu.

Maeneo yenye ndovu yalikuwa na mbung'o wanaoua farasi, hivyo ilibidi kuwinda kwa miguu. Aliyemfundisha kazi ni Cigar, mwindaji Mkhoikhoi aliyewahi kuwa mpanda farasi wa mashindano. Kutoka kwake kijana alijifunza kufuata nyayo na kusogea karibu kabisa kabla ya kufyatua.

Kati ya 1872 na 1874 Selous aliua ndovu 78 kwa yale magobore. Hata baada ya kutumia bunduki za gharama kubwa, aliendelea kusema hajaona inayopenyeza risasi kuliko yale ya bei poa.

Siku baruti ilipopakiwa mara mbili

Siku moja gobore lilikataa kuwaka. Akampa mbebaji wake alishughulikie. Mbebaji akamimina baruti nyingine na gololi nyingine juu ya zile zilizokuwa bado ndani.

Selous hakujua. Alipofyatua, alirushwa hewani akaangukia uso mchangani, na bunduki ikapaa juu ya bega lake. Kitako, ambacho kilikuwa kimezungushiwa ngozi ya sikio la ndovu ili kisipasuke, kilivunjika vipande. Shavu la kulia lilichanika, damu ikaruka, mkono wa kulia haukuinuka. Ndovu akaenda zake. Ajabu ni kwamba mtutu haukupasuka. Ungepasuka, hadithi yake ingeishia hapo.

Lakini madhara makubwa hayakuja siku hiyo moja. Yalijengeka teke baada ya teke. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1881, Selous alikiri kwamba magobore yale yaliharibu mishipa yake ya fahamu kiasi cha kuathiri shabaha yake tangu wakati huo, na kwamba alijuta kuwahi kuyashika. Yaani silaha iliyompa jina ndiyo iliyomharibia ulengaji.

Mwisho wake ulikuwa Tanzania

Baadaye alihamia bunduki za kupakia kwa nyuma, na jina lake likakua. Mwaka 1890 aliongoza njia msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, hatua iliyofungua ukoloni katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 1909 alisaidia kupanga safari ya uwindaji ya Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, huku Afrika Mashariki.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 60, ila aling'ang'ania kwenda. Mwaka 1915 alifika Afrika Mashariki na Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers kupambana na Wajerumani.

Januari 4, 1917, huko Beho Beho karibu na Mto Rufiji, mdunguaji wa upande wa Wajerumani alimpiga risasi ya kichwa. Alikuwa na miaka 65.

Alizikwa palepale alipouawa. Kaburi lake bado lipo, ndani ya hifadhi ambayo leo ndovu wake wanalindwa dhidi ya wanaotafuta pembe.