Dakta Edward Wilson, Mtumishi katika Nchi ya Barafu

Leo twamkumbuka Dakta Edward Wilson, Mwingereza aliyekuwa tabibu, mchoraji wa ndege, na Mwanglikana mwenye bidii katika sala.

Alizaliwa Cheltenham mwaka 1872. Alipokuwa akisomea udaktari alisaidia kazi ya misheni kati ya maskini wa Battersea, London, na katika miaka hiyo akashikwa na kifua kikuu. Alipopona, alisafiri kwenda Antaktika kwa merikebu Discovery mwaka 1901.

Mwaka 1910 alikwenda tena, safari hii akiwa mkuu wa wataalamu wa sayansi chini ya Kapteni Scott. Tarehe 29 Novemba merikebu Terra Nova iliondoka Port Chalmers, New Zealand, imejaa kupita kiasi: makaa ya mawe, farasi wadogo 19, mbwa 33 na vyakula. Siku chache baadaye dhoruba kali iliwapiga. Vumbi la makaa lililochanganyika na mafuta liliziba pampu, maji yakapanda hata ikabidi moto wa injini uzimwe. Ndipo maofisa na wataalamu wakajipanga ngazini, wakipokezana ndoo usiku kucha kwa zamu. Dakta Wilson alikuwa mmoja wao. Wengine wakatoboa ukuta wa chuma, wakaifikia pampu na kuizibua. Farasi 2 na mbwa 1 walikufa, lakini merikebu ikaokoka. Kisha barafu ikawazuia kwa siku 20 hivi. Mwanzoni mwa Januari 1911 walifika Cape Evans, wakajenga nyumba ya mbao ikawa kituo chao cha utafiti.

Kutoka hapo Wilson na wenzake wawili walitembea wiki 5 katika giza la majira ya baridi kutafuta mayai ya pengwini. Walirudi na mayai 3 tu.

Tarehe 17 Januari 1912 Wilson, Scott na wenzao watatu walifika Ncha ya Kusini, wakakuta Amundsen wa Norway amewatangulia. Wakati wa kurudi, wakiwa wamechoka na wenye njaa, Wilson aliokota mawe yenye alama za majani ya kale. Wote watano walikufa njiani. Mwezi Novemba hema lilipatikana likiwa na miili ya Wilson, Scott na Bowers, pamoja na mawe yale, kilo 16 hivi.

Wako wanaouliza kwa nini mzigo ule haukutupwa. Lakini majani hayo, yaitwayo Glossopteris, yapo pia katika mawe ya Afrika na Bara Hindi, na yamewasaidia wataalamu kutambua kwamba zamani nchi hizi ziliungana na Antaktika.

Ndugu, Wilson hakuona matunda ya mawe aliyoyavuta, wala hakusema ndoo si kazi ya daktari. Nasi tusiidharau kazi ndogo tuliyopewa, hata kama mavuno yake watayaona wengine.