Adolf Beck na Haki ya Rufani

Sisi wakazi wa Kisauni, jela ya Shimo la Tewa ni jirani yetu. Kila nisikiapo kuwa mfungwa wa unyang'anyi amekata rufani, humkumbuka marehemu Adolf Beck.

Bwana huyu alizaliwa Norway mwaka 1841, akahamia Uingereza. Mwaka 1895 mwanamke mmoja alimshika njiani mjini London, akidai ndiye tapeli aliyemwibia saa na pete. Wanawake wengine nao wakamtambua. Mwaka 1896 akafungwa miaka 7, akidhaniwa kuwa John Smith, tapeli aliyewahi kufungwa mwaka 1877.

Siku hizo Uingereza haikuwa na mahakama ya rufani ya kesi za jinai. Beck aliiandikia serikali maombi mara 10. Mwaka 1898 daftari za jela zikafichua kuwa Smith alikuwa ametahiriwa, Beck hakutahiriwa. Ajabu ni kwamba alibadilishwa namba tu, akaachwa ndani hadi 1901.

Mwaka 1904 akatiwa hatiani tena. Akingoja hukumu, mwizi mwenyewe akakamatwa. Beck akasamehewa na kulipwa pauni 5,000. Kisa chake kilisaidia kuleta sheria ya mwaka 1907 iliyounda mahakama ya rufani. Alifariki mwaka 1909, hali yake dhaifu.

Kesi nyingi za unyang'anyi husimama juu ya macho ya shahidi, na jicho hukosea. Sheria ya Kenya humpa mfungwa siku 14 za kukata rufani Mahakama Kuu. Mwenye ndugu ndani asizichezee.