Eric Liddell, Mkimbiaji wa Uskochi

Eric Liddell alizaliwa Tientsin, katika nchi ya Uchina, mwaka 1902. Wazazi wake walikuwa Waskochi, waliotumwa huko kuhubiri Injili. Angali mtoto alipelekwa Uingereza pamoja na ndugu yake, wakawekwa katika shule ya watoto wa wamisionari, nao wazazi wakarudi Uchina.

Mwaka 1920 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh, na huko ndiko mbio zake zilikojulikana. Akachaguliwa kuichezea nchi yake raga, yaani mchezo wa mpira wenye umbo la yai, ambao mchezaji aweza kuushika mikononi na kukimbia nao. Yeye aliwekwa pembeni mwa uwanja, mahali pa wenye mbio. Katika miaka ya 1922 na 1923 aliichezea Uskochi mara saba, kisha akauacha mchezo huo apate kujizoeza mbio.

Hakukimbia kwa namna ya kupendeza: kichwa alikitupa nyuma, kinywa wazi, mikono ikipiga hewa. Lakini mwezi wa Julai 1923, katika mbio za yadi 440 huko Stoke, aligongwa akaanguka. Alipoondoka wenzake wamekwisha mtangulia kama yadi 20. Akawafukuza, akawapita wote.

Mwaka 1924 ilikuwa michezo ya Olimpiki mjini Paris. Watu walimtumaini katika mbio za mita 100, lakini miezi mingi mbele alipata habari ya kuwa zitaanza Jumapili. Akakataa, ingawa alilaumiwa. Akajizoeza mita 400, na tarehe 11 Julai akazishinda kwa sekunde 47.6.

Mwaka uliofuata akaziacha sifa hizo, akarudi Tientsin kuwa mwalimu. Vita vilipozidi, mwaka 1941, alimpeleka mkewe mwenye mimba na binti zao wawili Kanada, yeye akabaki kazini. Mwaka 1943 Wajapani wakamfunga katika kambi ya Weihsien.

Humo aliwafundisha watoto na kuwasimamia michezoni, ila si Jumapili. Basi Jumapili moja watoto walicheza bila msimamizi, wakapigana. Tangu hapo akakubali kuwasimamia hata siku hiyo. Wako waonao kwamba alijipinga. Mimi sioni hivyo, kwani Paris alijinyima faida yake mwenyewe, na hapa aliwatumikia watoto.

Alikufa kambini kwa uvimbe wa ubongo, tarehe 21 Februari 1945. Binti yake wa tatu, aliyezaliwa Kanada, hakupata kumwona.