Bi Fatma na Jeraha la Uhud

Bi Fatma (R.A.), binti wa Mtume (S.A.W.) na Bi Khadija, alizaliwa Makka. Alihamia Madina, na huko, mwaka wa 2 wa Hijra, akaolewa na Sayyidna Ali. Hawakuwa na mtumishi. Bi Fatma alisaga nafaka mwenyewe hata mikono ikachubuka.

Mwaka wa 3 (625), katika vita vya Uhud, Mtume alijeruhiwa usoni. Sayyidna Ali alimimina maji kwa ngao, Bi Fatma akaosha. Alipoona maji yazidisha damu, alichoma kipande cha jamvi, akabandika jivu lake, damu ikakoma. Alifariki mwaka wa 11 (632), miezi michache baada ya baba yake.

Jamvi twalijua sote, Likoni, Kisauni hata Changamwe. Lakini funzo si jivu, kwani leo yajulikana kuwa laweza kuingiza uchafu na pepopunda. Funzo ni kulitazama jeraha kwanza, ndipo kuchagua cha kulifungia. Likitoka damu, likandamizwe kwa kitambaa safi. Damu ikikoma, lioshwe na kufungwa bendeji safi, nayo ibadilishwe ikilowa. Jeraha la kina ni la kupelekwa hospitali.