Bibi aliyeifundisha kompyuta maneno

Wadau, leo naweka pembeni habari za soko la mitumba hapa Kiboriloni. Kuna stori ya bibi wa Kimarekani, Grace Hopper, ambaye bila yeye ningeendelea kujiona mjinga.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijaribu kujifunza programu kafe. Mistari mitupu, kila neno Kiingereza, ukisahau nukta mkato kitu kinagoma. Wiki mbili nikaacha. Baadaye jamaa akanionyesha Scratch, ile iliyotoka 2007, unapanga vitalu vya rangi kwa mausi. Ukibadilisha lugha inakuja Kiswahili! Kumbe kurudia amri mpaka sharti litimie nilikuwa naelewa, kilichonishinda ni neno lake.

Sasa huyu bibi. Alizaliwa New York 1906, utotoni akafungua saa saba za mezani kuona zinavyofanya kazi. Mwaka 1934 akapata udaktari wa hisabati Yale, akawa anafundisha. Vita ikamwingiza jeshi la wanamaji 1943 (eti alikuwa mwepesi kuliko uzito uliotakiwa), na 1944 akapelekwa Harvard kwenye Mark I, kompyuta ya urefu wa mita 15 hivi. Amri zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Hakuna picha, hakuna neno.

Mwaka 1952 akawa na A-0, programu ya kuitafsiria mashine. Akataka zaidi: watu wa ofisini waandike maneno ya kawaida badala ya alama za hisabati. Wakubwa wakabisha kwamba kompyuta haielewi Kiingereza. Hakukoma, ikatoka FLOW-MATIC. Aliwahi pia kuwaonyesha mashine ikipokea amri za Kifaransa na Kijerumani. Jamani, wakubwa walishtuka! Kompyuta ya Marekani ijue Kijerumani? Ikabidi abaki na Kiingereza.

Hapo ndo pananiuma. Kwa mashine neno ni alama tu, hata Kiswahili kingeingia tangu enzi hizo. Sisi Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tuliipata 2004, na hiyo ni ya kuandikia barua, si programu.

FLOW-MATIC ikazaa COBOL mwaka 1959, mpaka leo iko kwenye mabenki. Bibi alistaafu 1986 akiwa admirali wa miaka 79, akafariki Januari 1, 1992.

Vitalu navyo vina shida: programu ikirefuka inakuwa kama belo lililomwagwa chini, huoni unachotafuta. Kwa hiyo nimerudi kwenye mistari, na daftari la maneno, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia. Mdau uliyevuka kutoka vitalu, ilikuchukua muda gani? Tupia hapo chini.