Einstein na mwanga unaosafiri Iringa hadi Mbeya

JINA la Albert Einstein hutajwa zaidi kwa nadharia ya uhusianifu, lakini mikongo ya mawasiliano ya masafa marefu, kama ule unaopita Iringa na Mbeya, inategemea kazi yake nyingine isiyosemwa sana.

Alizaliwa Machi 14, 1879 mjini Ulm, Ujerumani. Kati ya mwaka 1902 na 1909 alikuwa mkaguzi wa hataza mjini Bern, Uswisi, na huko ndiko alikoandika makala za mwaka 1905 zilizomjengea jina.

Mwaka 1916 alikuwa Berlin, akiipinga vita ambayo Agosti ya mwaka huo iliwaondoa Wajerumani Iringa. Hapo ndipo alipobaini kuwa atomu iliyojazwa nishati, ikipitiwa na chembe ya mwanga inayolingana nayo, hutoa nyingine inayofanana nayo kabisa. Moja huwa mbili.

Hata hivyo, hesabu zilezile zilisema kuwa atomu hiyo huweza pia kutoa mwanga bila kuchochewa, kwa wakati na upande usiotabirika. Bahati nasibu hiyo ilimkera, na hakuikubali maisha yake yote.

Alitunukiwa Nobel ya Fizikia ya mwaka 1921, kwa kazi tofauti na hiyo. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, alikuwa nje ya Ujerumani na hakurudi tena. Alihamia Princeton, Marekani, akafariki dunia Aprili 18, 1955. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960.

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300. Ndani ya uzi wa kioo, nusu ya mwanga hupotea kila kilometa 15 hivi. Baada ya kilometa 100 husalia takriban asilimia moja. Awali ilibidi mwanga ugeuzwe umeme njiani, kisha urudishwe kuwa mwanga.

Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha njia nyingine: kipande cha uzi kilichotiwa erbiamu. Leza huzijaza atomu zake nishati, na ujumbe dhaifu ukipita hutoka ukiwa na nguvu mara 100 au zaidi, tena rangi nyingi za mwanga kwa mkupuo mmoja.

Ila ule mwanga usiotabirika nao hukuzwa, ukawa kelele. Kila kikuzaji huongeza ya kwake, hivyo safari ikirefuka mno, wahandisi hulazimika kuugeuza mwanga kuwa umeme na kuanza upya.